Maghala ya Msimbo wa Programu Huria: Kilicho Wazi kwa Mwananchi na Kisicho Wazi

Kila mwezi unapomalizika, watumishi wa zahanati na vituo vya afya katika Wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, hufunga hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Wagonjwa wa nje wameandikwa katika kitabu namba 5, wajawazito katika namba 6, watoto katika namba 7, na waliojifungua katika namba 12. Jumla za vitabu hivyo huhamishiwa katika fomu za taarifa ya mwezi, kisha huingizwa katika mfumo wa kielektroniki unaojulikana kwa jina la DHIS2, ambao usambazaji wake katika mikoa ya Tanzania Bara ulikamilika mwaka 2013. Tangu hapo, idadi ya watoto waliougua malaria katika kata ya kijijini kama Busunzu inaweza kusomwa Kibondo mjini, Kigoma na Dodoma bila kusubiri gari la kubeba makaratasi.

Jambo ambalo wananchi wengi hawajalifahamu ni kwamba programu inayofanya hesabu hizo imeandikwa hadharani. Maandishi yake yamewekwa katika ghala ambalo mtu yeyote mwenye intaneti, awe mtaalamu au mwanafunzi wa kidato cha nne, anaweza kulifungua, kuyasoma na kuchukua nakala bila kuomba kibali na bila kulipa. Uwazi wa namna hiyo umekuwa ukieleweka visivyo kwa pande mbili. Wapo wanaodhani kwamba ghala likiwa wazi, basi na taarifa za wagonjwa ziko wazi. Wapo pia wanaoamini kwamba ghala likiwa wazi, kazi ya kulinda maslahi ya umma imekwisha. Dhana zote mbili si sahihi, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Msimbo chanzo ni nini

Programu yoyote ya kompyuta huandikwa kwanza kwa lugha ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma. Maandishi hayo ndiyo yanayoitwa msimbo chanzo. Kabla ya kutumika, mara nyingi hugeuzwa kuwa katika umbo linaloeleweka na mashine, na katika programu nyingi za biashara mnunuzi hupewa umbo hilo la pili pekee. Hali yake ni kama ya mtu aliyeuziwa unga uliokwisha kusagwa: anaweza kuupika na kuula, lakini hawezi kujua mahindi yalikuwaje wala kilichochanganywa ndani yake.

Katika programu huria, mtumiaji hupewa vyote viwili, pamoja na leseni inayomruhusu kusoma, kubadilisha na kugawa. Leseni ndiyo roho ya suala hili, wala si mapambo ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, hivyo msimbo uliowekwa hadharani bila leseni unabaki kuwa mali ya mwandishi wake. Kuuona hakumpi msomaji haki ya kuutumia. Leseni zenyewe hutofautiana. DHIS2 hutolewa kwa leseni ya BSD, ambayo humruhusu mtu kuibadilisha programu na hata kuyafanya mabadiliko yake kuwa siri. Kiini cha mfumo wa Linux hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la pili, ambayo humtaka anayesambaza programu aliyoibadilisha atoe na msimbo wa mabadiliko hayo. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa taasisi ya umma inayotia saini mkataba na mkandarasi, na itarejewa hapa chini.

Ghala la msimbo ni zaidi ya kabati la kuhifadhia maandishi. Linatunza kila badiliko lililowahi kufanywa: nani alilifanya, siku gani, mistari gani iliondolewa, ipi iliongezwa, na kwa sababu gani. Kwa lugha ya masijala, ghala ni jalada ambalo kila karatasi imepewa namba ya folio na hakuna karatasi inayoweza kung'olewa bila pengo lake kuonekana. Katika mfumo wa Git, unaotumiwa na miradi mingi leo, kila ingizo hupewa alama ndefu ya herufi na tarakimu inayotokana na maudhui yake pamoja na alama ya ingizo lililotangulia. Mtu akigusa ingizo la miaka mitano iliyopita, alama zote zilizofuata hubadilika, na kila mwenye nakala yake huona kwamba hazilingani. Mwaka 2011, wavamizi walipoingia katika seva za kernel.org zinazotunza msimbo wa Linux, ilikuwa rahisi kuwatuliza watumiaji kwa sababu hiyo hiyo: nakala zilikuwa katika maelfu ya kompyuta duniani, na yeyote angeweza kulinganisha.

Uwazi wa ghala haukuanza pamoja na programu huria

Ni kosa la kawaida kudhani kwamba miradi ya programu huria imekuwa ikifanya kazi mbele ya macho ya watu tangu mwanzo. Hadi katikati ya miaka ya 1990, hata miradi iliyotoa msimbo wake bure ilikuwa ikiutoa kwa vifurushi vya matoleo yaliyokamilika. Kazi iliyokuwa ikiendelea kati ya toleo moja na jingine ilionwa na kundi dogo la wahusika walioaminiwa.

Mabadiliko yaliletwa na ugomvi. Theo de Raadt, mtaalamu anayeishi Kanada, alitakiwa kuondoka katika mradi wa NetBSD mwishoni mwa mwaka 1994 na akapoteza ruhusa ya kufanya kazi katika ghala la mradi alioshiriki kuuanzisha. Mwaka uliofuata alianzisha mradi wake wa OpenBSD, na mradi huo ukawa wa kwanza kujulikana kwa kuruhusu umma wote kusoma ghala lake moja kwa moja, bila jina la mtumiaji na bila nenosiri. Anayesoma leo angeweza kuliona hilo kuwa jambo dogo la kiufundi. Wakati ule lilikuwa ni kuuondoa ukuta kati ya mtengenezaji na mtumiaji.

Ugomvi mwingine ulizaa Git yenyewe. Mwezi Aprili 2005, watengenezaji wa kiini cha Linux waliondolewa ruhusa ya kutumia bure programu ya biashara iliyokuwa ikitunza ghala lao, na Linus Torvalds akaandika Git katika muda wa majuma machache. Tofauti yake na mifumo ya awali ni kwamba kila anayechukua nakala huchukua ghala zima na historia yake yote. Mwaka 2008 ilifunguliwa huduma ya GitHub, ambayo hutunza maghala hayo mtandaoni. Kampuni ya Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa Dola za Marekani bilioni 7.5.

Kutoka Cape Town hadi nyanda za juu za Kigoma

DHIS2 ina asili ya Afrika. Baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka nchini Afrika Kusini mwaka 1994, Serikali mpya ilirithi huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu, kila sehemu ikiwa na fomu zake. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cape Town na Western Cape, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, walianza kutengeneza mfumo wa takwimu za afya wa ngazi ya wilaya. Toleo la kwanza lilikuwa la bure, lakini lilijengwa juu ya programu ya Microsoft Access, hivyo kila kompyuta ya wilaya ilihitaji kwanza programu iliyonunuliwa. Toleo la pili, ambalo ndilo DHIS2, liliandikwa upya kwa zana zilizo huria na kwa kutumika kupitia mtandao. Lilianza kutumika mwaka 2006 katika jimbo la Kerala, India. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafuata. Leo linatumika katika nchi zaidi ya 70.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika ushirikiano huo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na hapo ndipo ghala la wazi lilipoonesha faida yake. Wataalamu wa Kitanzania hawakulazimika kusubiri mtengenezaji wa Oslo awakumbuke. Waliweza kufungua msimbo, kuona jinsi jumla zinavyokokotolewa, kisha kuandika programu ndogo za nyongeza zinazopachikwa juu ya mfumo mkuu. Miongoni mwa kazi za wataalamu hao ni programu inayozionesha wilaya kwa rangi kulingana na utekelezaji wa viashiria vya afya, ambayo imewekwa katika orodha ya pamoja ya DHIS2 ili nchi nyingine nazo ziitumie.

Mwendo huo hufanyika pande zote. Mwanzoni mwa mwaka 2020, wataalamu wa Sri Lanka waliitumia DHIS2 kutengeneza utaratibu wa kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini kutokana na tishio la UVIKO-19. Kazi yao ilipelekwa kwa watengenezaji wakuu, ikaboreshwa, na nchi nyingi zikaichukua katika miezi iliyofuata. Hakuna nchi iliyolazimika kuanza kwenye karatasi tupu.

Jirani wa karibu ana mfano wake. Mjini Eldoret, Kenya, mahitaji ya kuwahudumia wagonjwa wa VVU chini ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani yalikuwa kati ya mambo yaliyozaa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Jukwaa la Ushahidi, lililoandikwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, mwezi Januari 2008, liliwekwa wazi, na miaka miwili baadaye lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Izingatiwe kwamba si kila mfumo wa kielektroniki unaotumiwa na taasisi za umma ni programu huria. Kuna mifumo iliyotengenezwa na Serikali yenyewe na mingine iliyonunuliwa, ambayo msimbo wake haujawekwa hadharani, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo inayosimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi hizo kwa ujumla.

Kusoma si kuandika

Ghala kuwa wazi maana yake ni kwamba mlango wa kusoma uko wazi. Mlango wa kuandika ni mwingine, na una walinzi.

Mtu wa kawaida anaweza kusoma msimbo, kusoma historia yake, kusoma orodha ya kasoro zilizoripotiwa na mijadala ya kuzitatua, na kuchukua nakala. Katika nakala yake anaweza kubadilisha apendavyo. Lakini ili badiliko lake liingie katika ghala kuu, hana budi kuwasilisha ombi linaloonesha mstari kwa mstari anachotaka kubadilisha. Wasimamizi wa mradi hulikagua, huuliza maswali, hulipima kwa majaribio ya kompyuta, na mara nyingi hulirudisha kwa marekebisho. Maombi mengi katika miradi mikubwa hukataliwa au hukaa muda mrefu bila kujibiwa. Anayeanza asilichukulie hilo kuwa dharau. Ruhusa ya kuandika moja kwa moja hutolewa kwa wachache ambao kazi yao imeonekana kwa muda.

Hata badiliko likishakubaliwa, haliingii lenyewe katika mfumo wa nchi. Wizara ya Afya huendesha nakala yake katika seva zake, ikiwa na toleo ililolichagua. Kwa hiyo hofu kwamba mtu aliyeketi mbali anaweza kubadilisha takwimu za Kibondo kwa kuhariri ghala la wazi haina msingi. Anachoweza kukibadilisha ni nakala yake mwenyewe.

Msimbo nao si taarifa. Ghala la DHIS2 lina maelekezo ya namna ya kujumlisha, kuchora grafu na kumtambua mtumiaji. Halina jina la mgonjwa hata mmoja, wala jumla ya mwezi ya zahanati yoyote. Taarifa hizo zimo katika hifadhidata iliyo chini ya Wizara, na anayeingia humo hana budi kuwa na akaunti iliyotolewa kwa kazi maalumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo yenye jukumu la kusimamia utekelezaji wake. Daftari la maelekezo ya mhasibu linaweza kubandikwa ukutani. Fedha zibaki kwenye kasha.

Mpaka huo una mahali pake dhaifu, nao ni uzembe wa watu. Duniani kote imetokea mara nyingi kwamba mtaalamu, akiharakisha kazi, anaacha nenosiri la hifadhidata ndani ya msimbo na kuliingiza katika ghala la wazi. Akigundua, hulifuta mstari huo na kudhani amemaliza. Kumbe ghala halisahau: nenosiri linabaki katika historia, na zipo programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta vitu kama hivyo. Hatua inayofaa ni kulibadilisha nenosiri lenyewe mara moja. Kufuta ni nyongeza tu.

Je, uwazi hauwasaidii wahalifu?

Swali hili huulizwa kila mfumo wa umma unapotajwa kuwa huria, na linastahili jibu lisilo la kishabiki. Kufuli zuri ni lile ambalo hata fundi aliyelitengeneza hawezi kulifungua bila ufunguo. Kanuni hiyo iliwekwa mwaka 1883 na Auguste Kerckhoffs katika maandishi yake kuhusu mawasiliano ya siri ya kijeshi: mfumo uwe salama hata adui akijua kila kitu isipokuwa ufunguo. Programu ambayo usalama wake unategemea kutojulikana kwa msimbo wake huwa hatarini siku ya kwanza mfanyakazi mmoja anapoondoka na nakala.

Hata hivyo, uwazi wenyewe haumlindi mtu. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa katika matoleo ya wazi kwa takriban miaka miwili. Kila mtu aliweza kuisoma. Kila mtu alidhani mwingine ameisoma. Mradi huo, uliotegemewa na mabenki na serikali, ulikuwa ukihudumiwa na watu wachache mno.

Tukio la mwaka 2024 linafundisha zaidi. Mtu aliyetumia jina la bandia alijitolea kwa zaidi ya miaka miwili kuusaidia mradi mdogo wa XZ Utils, unaohusika na kubana mafaili na unaotumika ndani ya mifumo mingi ya Linux. Alipoaminiwa na kupewa ruhusa ya kuandika, aliingiza mlango wa siri. Uligunduliwa mwezi Machi na mtaalamu Andres Freund, ambaye alishangaa kuona uingiaji katika seva zake umechelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia hadi mwisho. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba sehemu muhimu ya hila hiyo haikuwamo katika ghala la wazi kabisa. Ilikuwa imewekwa katika kifurushi cha toleo, yaani kile kinachopakuliwa na watumiaji, kwa matarajio kwamba hakuna atakayelinganisha kifurushi na ghala. Mhalifu alijua mahali ambapo macho yapo, akapita pembeni.

Kutokana na hayo, taasisi inayotumia programu huria inapaswa kujenga toleo lake kutoka katika ghala lenyewe, au kulinganisha alama za kifurushi na za ghala kabla ya kukisimika. Mwajiri asiye na mtaalamu wa kufanya hivyo hajapata faida ya uwazi. Amepata bei nafuu tu.

Nakala, vikwazo na kumbukumbu za mikataba

Mwezi Julai 2019, GitHub, ikitekeleza vikwazo vya Marekani, iliwawekea mipaka watumiaji wa Iran, Syria na Crimea. Maghala yao ya faragha yalifungwa, ilhali yale ya wazi yaliendelea kusomeka. Tanzania haikuhusika, lakini tukio hilo liliwakumbusha wengi kwamba ghala la wazi linaweza kuwa katika nyumba ya mtu mwingine. Kinga yake si ghali: kwa kuwa kila nakala ya Git ni ghala kamili, taasisi yenye nakala inayohuishwa mara kwa mara katika seva iliyopo nchini haipotezi kitu mlango wa nje ukifungwa.

Historia ya hapa nchini inathibitisha thamani ya hilo. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliofanywa pamoja na washirika kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Walilazimika kutafuta maneno ya Kiswahili kwa maelfu ya istilahi ambazo hazikuwa nayo. Mradi wa OpenOffice baadaye ulipita katika mikono ya kampuni mbalimbali na hatimaye kupoteza nguvu. Mwaka 2010 watengenezaji wengi walichukua nakala ya msimbo wakaanzisha LibreOffice, na hadi leo katika ghala la LibreOffice kuna sehemu ya tafsiri iliyotengwa kwa ajili ya Kiswahili cha Tanzania. Kampuni zilikuja na kuondoka. Msimbo ulikuwa na mahali pa kwenda.

Palipo na udhaifu mkubwa zaidi ni katika mabadiliko yanayofanywa hapa hapa. Taasisi huchukua programu huria, humlipa mkandarasi airekebishe kwa mahitaji yake, na marekebisho hayo hubaki katika kompyuta ya mkandarasi. Chini ya leseni kama ya BSD, hakuna kinachomlazimisha kuyatoa isipokuwa mkataba wenyewe. Miaka miwili baadaye linatoka toleo jipya lenye kuziba kasoro za usalama. Taasisi haiwezi kuhamia, kwa sababu hakuna ajuaye nini kilibadilishwa katika toleo la zamani. Mkandarasi ameshamaliza mkataba, mtumishi aliyesimamia amehamishwa, na programu iliyoanza ikiwa wazi kwa dunia nzima imekuwa siri kwa mwenye nayo. Kifungu kimoja cha mkataba, kinachotaka msimbo wote uwekwe katika ghala la taasisi pamoja na historia yake kabla ya malipo ya mwisho, kingetosha kuzuia hali hiyo. Si lazima ghala hilo liwe wazi kwa umma siku ya kwanza. Ni lazima liwe la taasisi.

Kutoka Busunzu, mtu anaweza kufanya nini

Kusoma ghala hakuhitaji kompyuta kubwa. Simu janja inatosha kufungua ukurasa wa mradi, kuona mabadiliko ya karibuni na kusoma kasoro zilizoripotiwa. Kuchukua nakala kamili ni suala jingine, kwani ghala la mradi mkubwa linaweza kufikia mamia ya megabaiti, kiasi kinachoumiza kwa bando la siku. Git inaruhusu kuchukua nakala fupi, yenye hali ya sasa bila historia ya zamani, ambayo ni ndogo zaidi. Faida kwa mtu wa kijijini ni kwamba nakala ikishachukuliwa, kwa mfano Kibondo mjini au Kasulu ambako mtandao una nguvu zaidi, kazi yote ya kusoma, kutafuta na kubadilisha hufanyika bila intaneti. Mtandao huhitajika tena wakati wa kutuma.

Kikwazo kikubwa zaidi kuliko bando ni lugha. Msimbo, maelezo yake na mijadala ya wasimamizi huwa kwa Kiingereza, na kijana aliyelelewa kwa Kiha na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia katika lugha ya tatu kabla hajafika kwenye lugha ya mashine. Kwa sababu hiyo, tafsiri ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Miradi mingi, DHIS2 ikiwemo, hupokea tafsiri za maneno yanayoonekana kwenye skrini kupitia kurasa maalumu, na mtafsiri hahitaji kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Mhudumu wa afya anayejua kwamba neno fulani kwenye skrini haliendani na neno lililopo katika kitabu cha MTUHA ana ujuzi ambao mtaalamu wa Oslo hana.

Ripoti ya kasoro nayo ni mchango. Ripoti inayofaa hutaja toleo la programu, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea. Picha ya skrini husaidia, ila isioneshe jina la mgonjwa, namba ya simu wala takwimu zisizokwisha kutangazwa, kwa kuwa ukurasa wa kasoro husomwa na dunia nzima. Mtumishi wa umma huanza kwa mratibu wa MTUHA wa halmashauri yake, kwani tatizo linaloonekana kuwa kasoro ya programu mara nyingi hutokana na mpangilio wa mfumo wa nchi, ambao watengenezaji wa ghala kuu hawawezi kuugusa.

Mwananchi anayehitaji takwimu zenyewe, kwa mfano idadi ya waliopimwa malaria katika kata yake, hatazipata katika ghala lolote la msimbo. Ombi lake huwasilishwa kwa maandishi kwa taasisi inayozitunza, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, ambayo inaitaka taasisi hiyo imjibu ndani ya siku 30.